Ombi la Ijumaa Kabla ya Mchujo

Katika nyumba ile ya Muaither, mjini Doha, alikofanya kazi za ndani, Milka alijulikana kwa neno moja. Akiambiwa watoto hawakumaliza chakula, alisema, "Zeni, madamu." Akiambiwa wageni watakuja kutoka Lusail na vitanda vyote vibadilishwe shuka, alisema, "Zeni, madamu." Ndiyo "sawa" ya Waarabu wa huko, na alijifunza kuisema wiki ya kwanza, kabla hata hajajua kuomba maji ya kunywa. Ndani ya neno hilo alitia kila kitu: hasira, uchovu, kutoamini, na mara chache shukrani. Madamu alisikia zeni tu, akaenda zake ameridhika.

Dereva wa nyumba alikuwa Yusufu, mtu wa Tanga, na alipenda kumtania wakati wa kuosha magari uani.

"Dada Milka, siku ukifa malaika wakikuhoji, utawajibu zeni."

"Na wewe watakuuliza petroli ya tajiri ilikuwa inaishia wapi," Milka alimjibu, huku akianika nguo.

Alifika Doha mwaka 2008, na hakuondoka kwao kwa kutaka kuona dunia. Yeye na mumewe Omondi walikuwa na duka la ushonaji katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Uchaguzi wa mwaka uliotangulia ulipoharibika, duka lilichomwa mwezi wa Januari pamoja na vyerehani na sare za shule za watoto wa watu. Walirudi upande wa ziwa na mizigo ya kubebwa kichwani. Omondi alikuwa amepigwa kifuani. Akawa mtu wa kukohoa na kukaa mlangoni akitazama njia, kama anayengoja vijana waliochoma duka wamfuate hadi huku. Ilibidi mmoja wao atoke akatafute, na mwenye nguvu alikuwa Milka. Phoebe, mtoto wao wa pekee, alikuwa bado shule ya msingi. Pale stendi alishika sweta ya mama yake hadi kifungo kikakatika, akabaki nacho mkononi.

Omondi alipozikwa, Milka alisikiliza mazishi kwa simu akiwa amejifungia chooni, bomba limefunguliwa ili watoto wa nyumba wasimsikie. Kutoka Qatar wakati huo haikuwa jambo la mtu kuamua mwenyewe. Tajiri alipaswa kukubali, na mwezi ule tajiri alikuwa safarini.

Kwa hiyo siasa hakuipenda. Katika simu, mtu wa nyumbani akianza habari za chama, Milka aliuliza bei ya sukari. Ndipo mwanzoni mwa mwaka 2017, Phoebe, sasa mwanamke mzima mwenye cheti cha ualimu wa chekechea, akamwambia kwa furaha kwamba amechaguliwa kuwa mjumbe.

"Mjumbe wa nini?"

"Wa chama, Mama. Mjumbe wa vijana, wadi yetu."

"Toka huko."

"Mama, nisikize kwanza."

"Phoebe, toka huko. Baba yako hata mjumbe hakuwa. Alikuwa fundi wa nguo tu."

Phoebe alimweleza polepole, jinsi mwalimu wa chekechea anavyoeleza. Kiti cha gavana hakikuwa na shida, kwa kuwa aliyekuwa nacho hakuwa na mpinzani ndani ya chama. Kilichogombewa kilikuwa kile cha naibu wake. Kwa mapatano ya zamani ya kaunti yao, gavana akitoka upande wa juu, naibu hutoka upande wa chini, kwao. Safari hii watu wa chini walikuwa wawili na hakuna aliyetaka kumpisha mwenzake, basi chama kikasema wajumbe wapige kura ya mchujo, na atakayeshinda ndiye atakuwa mgombea mwenza. Mmoja alikuwa Mwalimu Nahashon, aliyemfundisha Phoebe hesabu. Wa pili alikuwa mjenzi wa barabara ambaye watu walimwita Mkandarasi tu, na vijana waliomzunguka hawakuwa watu wa kutania nao.

"Walimu wa chekechea wanaajiriwa na kaunti," Phoebe alisema. "Mwalimu Nahashon amesema akiingia, sisi tulio na vyeti tutapata. Huyo mwingine atachukua wasichana wa kwao. Mama, tangu nitoke chuo nashinda nikipalilia mahindi. Unataka urudi unikute hivi?"

Cheti kile ndicho alichokiendea Doha. Akasema, "Sawa. Lakini ukisikia kelele, unatoka. Hauchukui kiatu, hauchukui begi. Unatoka."

"Ndiyo, Mama."

Kuanzia siku hiyo aliishi kama mtu aliyeacha kitu jikoni juu ya moto. Anapiga pasi, anasikiliza simu. Anamwogesha mtoto mdogo wa nyumba, anasikiliza simu. Mwezi wa Aprili, siku chache kabla ya kura, simu ya Phoebe ilizimika, ikabaki imezimika. Wifi yake Millicent, dada ya Omondi, alimwambia asiwe na wasiwasi. Wajumbe walikuwa wamefichwa. Ndivyo ilivyofanyika kwao: mchujo ukikaribia, kila mgombea hukusanya wajumbe wake mahali pamoja, huwalisha, huwanyang'anya simu, ili mpinzani asiwafikie kwa pesa wala kwa vitisho. Siku ya kura hupelekwa kwa basi moja kwa moja hadi ukumbini.

"Wamefichwa wapi?"

"Mama Phoebe, kama ningejua, wangekuwa wamefichwa?" Millicent alicheka.

Milka hakucheka. Alijua maana ya kuwa ndani ya ukuta wa watu na simu yako ikiwa kwa mwingine. Miaka yake ya kwanza Doha, simu yake ilikuwa inakaa katika droo ya madamu.

Alhamisi jioni, akiwa anapiga pasi kanzu za tajiri, namba asiyoijua ya Kenya iliita mara moja ikakata. Alizima pasi, akapiga.

"Mama, ni mimi. Ongea polepole."

"Uko wapi? Simu hii ni ya nani?"

"Yangu. Kabambe, hii ndogo ya vitufe. Niliingia nayo kwa pakiti ya sodo, hakuna mwanamume angeshika hapo." Phoebe alichekea puani. "Tuko Shule ya Wasichana ya Ong'iro. Wanafunzi wako likizo. Tumelazwa kwa bweni, orofa ya juu. Tunakula nyama kila siku, Mama. Nilikuwa nataka tu ujue niko mzima. Nazima sasa, wasinipate nayo."

"Mlango mmefunga?"

"Kuna askari wa shule. Lala, Mama. Jumamosi tunapiga kura, Jumamosi jioni nakupigia."

Milka alilala vizuri kwa mara ya kwanza wiki ile. Na kama mambo yangeenda kama Ijumaa nyingine yoyote, huenda angebaki na raha hiyo.

Ijumaa ndiyo iliyokuwa Jumapili yao. Wanawake wa Kenya waliopewa ruhusa walikutana katika makanisa ya Mesaimeer, na baada ya ibada kikundi chao, Akina Mama wa Ijumaa, kilikaa kwenye mkeka kivulini kusikiliza mahitaji. Kiongozi alikuwa Charity, msafishaji wa hoteli, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupanga watu foleni. Yeye hakupenda maombi ya jumla jumla.

"Ukituma sanduku kwa kargo, si unaandika jina la mtu, na mtaa, na nyumba iko karibu na nini?" aliwaambia. "Sasa Mungu unamletea ombi eti 'familia yangu'. Familia gani? Iko wapi? Ina nini?"

Basi wakazoea kutaja. Jina, mahali, shida, siku. Wakiwa kwenye mkeka, mtu alisema, wengine wakashika mikono wakaomba, na maneno yakaishia pale pale kwenye joto la Mesaimeer. Asiyepata ruhusa aliandika ombi lake katika kundi lao la WhatsApp, na mwenye moyo alilipeleka kwa waombaji wengine, kwa kwaya ya nyumbani, kwa dada, kwa mchungaji. Kadiri ombi lilivyosambaa, ndivyo mwenye ombi alivyoonekana kupendwa.

Ijumaa ile Milka alikuwa na zamu yake ya kwenda kanisani. Asubuhi madamu akasema familia inaenda shambani Umm Salal, na watoto wanahitaji mtu.

"Zeni, madamu."

Akafunga chakula, akafunga nepi, akawavalisha watoto. Kisha, akiwa amesimama jikoni, aliandika kwa kidole kimoja: *Wapendwa naombeni mumuombee binti yangu Phoebe ni mjumbe wa Mwalimu Nahashon. Wamefichwa Shule ya Wasichana Ong'iro kwa bweni orofa ya juu simu wamenyang'anywa hadi kesho wakapige kura ya naibu. Askari ni wa shule tu. Mungu awazungushie ukuta wa moto. Amina.*

Kabla ya kutuma alimkumbuka Pamela. Pamela alikuwa mtu wa kaunti yao, upande wa chini kama yeye, akifua nguo katika hoteli moja, na shemeji yake aliendesha gari la Mkandarasi. Milka alikuwa mtu wa kuangalia mambo kama hayo. Hakuna aliyeingia nyumba ile ya Muaither bila Milka kujua amekuja na mfuko gani. Lakini Pamela walikuwa wamekula naye, walikuwa wamelia pamoja Omondi alipokufa. Akaona aibu kumfikiria vibaya siku ya Ijumaa. Akatuma. *Amina* zikaanza kuja, na picha ndogo za mikono iliyokunjwa, nyingi, akasikia kama mtu amemvisha shali.

Huko Umm Salal wanaume walikwenda msikitini, wakarudi, wakala. Watoto walifukuza mbuzi. Milka alikuwa akisuuza sufuria bombani nje ya banda simu ilipotetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa Millicent.

*Wifi tumetumiwa hii kwa kwaya. Ni ya Phoebe wetu?*

Chini yake yalikuwa maneno yake mwenyewe. Bweni, orofa ya juu, askari ni wa shule tu. Neno kwa neno, hadi *Amina*.

Alisoma mara ya pili, safari hii kama ambavyo angesoma mtu wa Mkandarasi. Sufuria iliteleza ikagonga saruji. Akapiga ile namba ya kabambe. Imezimika. Akapiga tena, na tena. Akampigia Millicent.

"Nani amekutumia hiyo?"

"Mama Kwaya. Yeye naye ametumiwa na..."

"Millicent, chukua pikipiki, enda Ong'iro. Waambie watoke hapo. Saa hii."

"Ong'iro ni mbali, Mama Phoebe, na niko sokoni, nani ataangalia..."

Simu ikakata. Salio lilikuwa limekwisha. Milka alikimbia hadi kwenye gari, ambako Yusufu alikuwa amelaza kiti akisikiliza taarabu.

"Nipe simu yako."

"Leo zeni imeisha?" Yusufu alianza, kisha akauona uso wake, akampa simu.

Alimpigia Millicent, haikupokelewa. Alimpigia jirani, akaambiwa Millicent ameonekana akielekea kwa waendesha pikipiki. Alitafuta namba ya Mwalimu Nahashon, hakuna aliyekuwa nayo. Madamu aliita kutoka barazani, mtoto alitaka maziwa. Milka alichukua maziwa, akayapeleka, akarudi garini. Mtoto alitaka kuoshwa. Akaosha. Yusufu, bila kuombwa, aliendelea kupiga kabambe mwenyewe, akiweka simu sikioni, akiitoa, akitikisa kichwa kila Milka alipopita.

Jua lilikuwa bado juu Millicent alipopiga. Hakusema hujambo.

"Wamekuja na malori mawili," alisema. Nyuma yake watu walikuwa wakilia. "Mimi nimefika wakitoka. Wamevunja geti, askari amekimbia. Walipanda juu kwa bweni na rungu. Lile basi la wajumbe wamelichoma."

"Phoebe."

"Aliruka, Mama Phoebe. Wale wa karibu na dirisha waliruka. Yuko hai. Anaongea. Lakini anasema miguu haisikii."

*Ukisikia kelele, unatoka.* Milka alikaa chini kwenye vumbi kando ya tairi. Yusufu alisimama mbele yake ili wa barazani wasimwone, akajifanya anaangalia upepo wa gurudumu.

Jumamosi kura ilipigwa. Waliofika ukumbini walikuwa wajumbe wa Mkandarasi na wachache wa upande wa pili, wengine wamefungwa bendeji kichwani. Mkandarasi akapita. Polisi walisema wanachunguza. Mwezi wa Mei, Mwalimu Nahashon alipanda jukwaa moja na Mkandarasi mbele ya gavana, wakainua mikono pamoja. Mwalimu akasema wametiana maji baridi, ugomvi umekwisha, sasa ni kazi.

Kwa Phoebe maji hayo hayakufika. Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika chini, na madaktari walizungumza naye kwa upole ambao Milka, aliposimuliwa, aliuelewa. Watu walihitaji wa kulaumu, na waliyemwona karibu alikuwa amelala kitandani asiyeweza kutoka. Ule ujumbe ulikuwa na jina lake. Kila simu ya kijiji ilikuwa nao. Walisema Phoebe aliingia na simu makusudi, akampa mama yake ramani, na mama akaitangaza kutoka Qatar kwa kulipwa na Mkandarasi.

Milka alirekodi sauti, akaituma kwa kwaya, kwa Millicent, kwa kila mtu. Alisema yalikuwa maombi. Alieleza kuhusu Charity, na kargo, na mkeka wa Mesaimeer. Jibu lililomfikia lilitoka kwa mama wa mjumbe mmoja aliyevunjwa mkono, mwanamke waliyekuwa wakiteka maji pamoja zamani.

"Milka, tangu lini Mungu akahitaji kuambiwa askari ni wa nani?"

Alimwomba madamu ruhusa ya kwenda nyumbani. Madamu alisikiliza, akashika kifua, akasema maskini, maskini binti, akampa bahasha ya kutuma hospitalini. Ruhusa ikawa ni baada ya Ramadhani, kwa kuwa mwezi huo nyumba haikai bila mtu.

"Zeni, madamu."

Ramadhani ilipokaribia katikati, nchi jirani ziligombana na Qatar zikafunga mipaka, rafu za maziwa dukani zikabaki tupu kwa siku kadhaa, na tajiri akasema sasa si wakati wa mtu kusafiri, tungoje tuone. Milka akasema zeni.

Ijumaa moja ya mwezi huo alipata ruhusa ya kwenda Mesaimeer. Wanawake walimpisha kwenye mkeka. Pamela alikuja akakaa kando yake, macho yamevimba.

"Mama Phoebe, mimi nilimtumia dada yangu peke yake," alisema, bila kuulizwa. "Aombe. Hiyo tu. Yeye aliwapelekea watu wa kanisa lake, na huko sijui. Naapa."

"Najua," Milka alisema. Hakujua. Aliitazama mikono ya Pamela iliyochubuliwa na sabuni za hoteli, akajaribu kuona kidole kilichofanya, na vyote vilikuwa vidole tu, kama vyake.

Charity alianza kuzunguka mkeka. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mama Phoebe, tukuombee nini leo?"

"Mimi sina."

"Hata jina tu."

"Sina, Charity."

Simu iliita mara moja mapajani mwake, ikakata. Ilikuwa ile namba ya kabambe. Alitoka kivulini, akasimama nje kwenye jua ambalo lilipiga hadi kwenye nyayo, akapiga.

"Mama."

"Phoebe wangu. Umekula?"

"Nimekula. Shangazi Millicent ameenda kuleta dawa." "Mama, nataka kukuuliza, na usikasirike. Watu wanasema mengi hapa. Wengine wanakuja hadi kitandani. Mimi nimekaa na wewe utotoni tu, mengine yote ni simu. Kwa hivyo nauliza. Yale yalikuwa maombi kweli?"

Milka alifungua mdomo. Alitaka kumwambia juu ya choo na bomba, juu ya kifungo cha sweta ambacho hadi leo alikuwa hajashona kingine mahali pake. Yote hayo hayakuwa jibu la swali. Shahidi wake alikuwa Mungu tu, na ombi lile lilikuwa limepitia mikononi mwa watu wengi mno.

"Yalikuwa maombi," alisema.

Ng'ambo ya pili kulikuwa na sauti ya kitoroli cha hospitali kikipita, magurudumu yakilia, kikienda hadi kikapotea.

"Sawa, Mama," Phoebe alisema.

Ilikuwa sauti nzuri, tulivu, isiyo na ugomvi ndani yake. Milka aliijua. Ndiyo "sawa" ile ile aliyokuwa akimpa madamu tangu alipofika Muaither, na alijua kila kitu kinachoweza kutiwa ndani yake.